Njia za Kwenda Chamorel

Karatasi nne zilikuwa zimetandazwa juu ya meza ya jikoni, kila moja imekandamizwa kwa kikombe ili isijikunje, na Delfina Perruchon alikuwa akizitazama kama mcheza karata ambaye hataki kutupa hata moja. Juu ya kila karatasi alikuwa ameandika kwa penseli, kwa zile herufi zake zilizosimama wima kama askari wa gwaride, neno lile lile: Chamorel. Chini yake ziliteremka saa. Saa ya kuondoka Torino, saa ya kufika Pontrey, dakika za kungoja, saa ya basi la bondeni, saa ya gari la waya linaloning'inia na kupanda mlimani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameketi nyuma ya dirisha la tiketi katika kituo cha mabasi cha Torino, akiwapangia watu wa mji ule safari za kwenda kuteleza thelujini, na katika mabonde yote ya milima ile hapakuwa na kijiji ambacho hakulijua basi lake la kwanza na la mwisho. Chamorel alikijua kuliko vyote, maana ndiko alikozaliwa. Na kwa miaka arobaini na mitano hakuwa amekikanyaga.

"Hii ya treni," alisema Gualtiero, akiigonga karatasi ya pili kwa ukucha, "inaipita ile ya basi kwa nusu saa. Nusu saa, Delfina. Unabishana na nini hapo?"

Gualtiero alikuwa mtu wa dirisha la pili, jirani yake wa kazini tangu enzi za tiketi za kuchanwa kwa mkono. Sasa alikuwa na umri wa miaka sabini na saba, jicho lake la kushoto limeanza kuingia ukungu, na tangu Renzo, mume wa Delfina, afariki, alikuwa akija kila Alhamisi kunywa kahawa na kulalamikia ratiba za siku hizi, ambazo kwa maoni yake ziliandikwa na watu wasiowahi kungoja basi.

"Sibishani. Nalinganisha."

"Unalinganisha nne za nini? Mteja akija dirishani tulikuwa tunampa njia mbili. Ukimpa tatu, anarudi nyumbani kulala."

"Mimi si mteja."

"Wewe ni mteja mgumu kuliko wote niliopata kuwahudumia." Akakivuta kikombe, akagundua kuwa ndicho kilichoikandamiza karatasi, akakirudisha. "Haya, tuache ugomvi. Nitakupeleka kwa gari langu."

"Gari lako na jicho lako, kipi kitatufikisha?"

"Jicho moja linatosha. Barabara yenyewe ni moja."

Delfina alicheka, lakini kicheko hakikushuka mpaka moyoni. Jumapili iliyopita kaka yake Ezio alikuwa amepiga simu, na Ezio alikuwa mtu wa simu moja kwa mwaka. Kila Krismasi, dakika tatu: theluji imefika wapi, magoti yanasemaje, nani ametangulia mbele ya haki. Kisha kila mmoja humtakia mwenzake heri na kuweka simu chini taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Sasa ilikuwa Februari. Delfina aliposikia sauti ile nje ya majira yake, alitafuta kiti kabla hajasalimia.

"Jumatatu ya wiki ijayo nashuka Pontrey," Ezio alikuwa amesema. "Kwenye makao ya wazee. Nyonga imezikataa ngazi, na daktari amenikataa mimi. Nyumba naifunga. Kama unataka kuiona ikiwa na moto ndani, njoo Jumamosi."

"Nije na nini?" aliuliza, akiwa na maana ya mkate, au dawa, au blanketi.

"Wewe ndiye mtu wa ratiba," alijibu Ezio, akakata.

Maneno hayo yalikuwa mepesi. Mtu mwingine angeyasikia akatabasamu. Delfina yalimrudisha penye shimo ambalo kwa miaka arobaini na mitano alikuwa amejifunza kulizunguka bila kulitazama.

"Treni siipandi," alisema sasa. Aliinuka akaenda kuzima jiko ambalo lilikuwa limekwisha kuzimwa, na akabaki huko, mgongo wake ukimwelekea mgeni.

"Kwa nini?"

"Nilishaipanda."

Kazi ya dirishani ilikuwa imemfundisha Gualtiero jambo moja kubwa, kwamba mtu akisita mbele yako usimharakishe. Huenda anaitafuta safari yake ya kweli.

Basi Delfina akamweleza, kwa mara ya kwanza kumweleza mtu, kwa maana hata Renzo alikuwa amepewa nusu tu. Ilikuwa Januari ya mwaka mmoja wa theluji nyingi. Baba yao, mzee Anselmo, alifariki siku ya Jumanne akiwa kazini, katika chumba cha mitambo cha gari la waya la Chamorel, ambalo alikuwa ameliendesha tangu siku lilipoanza kazi. Mazishi yalipangwa Alhamisi saa nne asubuhi. Ezio alipiga simu kutoka baa ya kijijini, naye Delfina akamwambia: nitakuja na basi la watelezaji, nitafika Brusa, chini ya gari la waya, saa tatu kamili. Jioni ile, akifunga dirisha lake, macho yake yakaiangukia ratiba ya treni iliyokuwa ubaoni. Ukipanda ile ya alfajiri na kuunganisha na basi la bondeni pale Pontrey, unafika Brusa saa mbili na dakika ishirini. Dakika arobaini mapema. Mtu wa kazi yake hazioni dakika arobaini akaziacha zipite. Hakumpigia Ezio tena. Baa ilikuwa imefungwa, na isitoshe, nani amewahi kumlaumu mgeni kwa kuwahi?

"Treni ikakwama," alisema Delfina. "Katikati ya mashamba, si stesheni hii wala ile. Saa moja na nusu. Nikalitazama dirisha likiganda barafu. Tulipofika Pontrey, basi la bondeni lilikuwa limekwenda. Nikapanda lori la maziwa. Brusa nilifika saa nne na dakika ishirini na ushei, na gari la waya la kupanda lilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini. Nilipofika makaburini walikuwa wameshafukia. Watu wanatawanyika. Ezio amesimama kando ya udongo, kofia mkononi, theluji mabegani."

"Akasema nini?"

Delfina alinyoosha kitambaa cha vyombo juu ya mpini wa jiko, pembe kwa pembe.

"Akasema, umewapandisha mlimani watu wa Torino nzima. Baba yako peke yake ndiye uliyemkosea ratiba."

Chini, barabarani, tramu ilipita ikipiga kengele yake. Gualtiero aliichukua ile karatasi ya treni, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake kama mtu anayeondoa kisu mezani penye watoto.

"Basi," alisema, "ni basi."

Jioni hiyo Delfina alipiga simu Chamorel. "Nakuja na basi la watelezaji," alisema. "Linaondoka saa kumi na mbili na robo. Nafika Brusa saa tatu."

"Saa tatu," alirudia Ezio. "Haya."

*

Jumamosi kituo cha mabasi kilijaa vijana wenye viatu vizito na mbao za kutelezea zilizofungwa mbili mbili, wakinuka mafuta ya ngozi na usingizi. Gualtiero alikuja kumsindikiza. Alilizunguka basi, akapiga tairi moja teke la heshima, akamwambia dereva kwamba abiria wa kiti cha mbele anaijua barabara hii kuliko yeye, kwa hiyo aendeshe kwa adabu. Dereva, mwanamke wa makamo aliyeitwa Loredana, akamjibu kwamba watu wa namna hiyo anao kila wiki, na kwamba kwa kawaida ndio wa kwanza kutapika.

Delfina alikaa kiti cha mbele, mkoba magotini. Mji ulipobaki nyuma na mabonde kuanza kufunga mbavu zake pande zote mbili za barabara, alihisi kama mtu anayesoma kwa sauti shairi alilolikariri utotoni: hakukumbuka mstari unaofuata mpaka mdomo ulipoutamka. Hapa palikuwa na kiwanda cha chokaa. Hapa mto hubadili upande. Hapa, kwenye kona ya kanisa, dereva wa zamani hupiga honi mara mbili hata kama hakuna mtu, kwa sababu mchumba wake aliishi ghorofa ya pili.

Alikumbuka Jumamosi za utoto wake, alipokuwa na umri wa miaka saba au minane, gari la waya likiwa bado jipya na watu wa kijiji wakiwa bado wanapiga ishara ya msalaba kabla ya kuingia. Baba yake alikuwa akimsimamisha juu ya kreti mlangoni mwa stesheni ya juu ili ahesabu vichwa. Wanane waliingia, wanane wametoka, Fina? Wanane, baba. Watu wa Torino walitoka wamekunja shingo, mashavu mekundu, wakishangaa kwamba mahali kama pale palikuwapo na kwamba watu waliishi pale hata siku za kazi. Mama yake alikuwa akiwauzia mchuzi wa moto katika bakuli, na mvuke wa bakuli zile ukichanganyika na harufu ya grisi ya nyaya ndio ulikuwa, kwa Delfina, harufu ya ulimwengu. Kila vuli dereva wa basi la watelezaji alikuwa akimletea ratiba mpya iliyopigwa chapa, naye akiisoma kama watoto wengine walivyosoma hadithi. Ezio, aliyemzidi miaka sita, alimtania: "Huyu anajifunza njia za kutukimbia." Akiwa na umri wa miaka ishirini Delfina alishuka kweli. Ezio ndiye aliyembebea sanduku mpaka Brusa, akalipandisha ndani ya basi, akakaa naye mpaka dereva alipowasha injini. Hakumwambia neno lolote la kuaga. Alimrekebishia kola ya koti, akashuka.

Walipopita Pontrey theluji ilianza kuanguka, mwanzoni chache chache kama manyoya, kisha kwa unene. Kilomita sita mbele, basi likasimama. Nyuma yao likasimama lile la bondeni lililowabeba abiria wa treni, na nyuma yake magari madogo, mlolongo wa taa hafifu uliopotea kwenye weupe.

"Tunangoja," alisema Loredana, akizima injini. "Wanapiga baruti huko juu, waiangushe theluji kabla haijajiangusha yenyewe."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mama, theluji haina ofisi ya maulizo."

Saa tatu ilifika ikapita. Saa tatu na nusu. Delfina alipiga simu nyumbani kwa Ezio, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Katika mawazo yake akamwona kaka yake amelala chini ya ngazi, simu ikilia juu ya kabati, mbali na mkono wake. Akapiga mara ya tatu. Katika kichwa chake, bila ridhaa yake, penseli ilikuwa imeanza kuandika: kurudi Pontrey kwa miguu, saa moja na nusu, teksi, ikiwa ipo, njia ya msituni kwa upande wa pili wa mlima. Alijichukia, lakini penseli haikusimama.

Hapo ndipo gari jekundu la shule ya watelezaji lilipopenya pembeni mwa foleni na kusimama mlangoni mwa basi. Mwanamume mmoja akachungulia ndani, ndevu zake zina barafu.

"Kuna anayekwenda Chamorel? Nina nafasi moja. Tunapita njia ya msituni, na huko juu trekta la theluji linatungoja. Nusu saa mtakuwa kijijini."

Delfina alikwisha kusimama. Mkoba ulikuwa begani, mkono mmoja umeshika mhimili wa kiti. Nusu saa. Saa nne na dakika kumi angekuwa mlangoni kwa Ezio, angeusukuma mlango, angemwinua kama ameanguka. Akili yake yote, akili ya miaka thelathini na mmoja, ilisema nenda. Haikuwa hesabu ngumu. Hata mtoto wa shule angeipata.

Akabaki amesimama hivyo hivyo, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Vijana waliokuwa nyuma yake walikuwa wakimngoja apite.

"Hapana," alisema. "Mpe mwingine."

"Mama, una hakika?" aliuliza Loredana. "Hii kitu inaweza kukaa mpaka saa sita."

"Niliahidi nitakuja na basi."

"Ulimwahidi nani?"

"Kaka yangu."

"Lakini simu hapokei. Nimekuona ukipiga. Hata hatajua umekuja na nini."

"Yeye hatajua," alisema Delfina, akiketi. "Mimi nitajua."

Msichana mmoja mwenye kofia ya njano aliruka ndani ya gari hilo jekundu, likaondoka likirusha theluji. Delfina alilisikiliza mpaka mlio wake ulipokwisha msituni. Loredana alimtazama kitambo, kisha akamimina chai kutoka chupa yake, akampa katika kifuniko, naye alikuwa bado anainywa wakati mlio wa kwanza wa baruti ulipotua kutoka juu kama mlango mzito unaofungwa katika nyumba ya mbali.

*

Basi lilifika Brusa saa tano na nusu. Brusa si kijiji. Ni ukumbi wa zege, kibanda cha tiketi na nyaya mbili zinazopanda na kuyeyuka katika mawingu. Vijana walimwagika nje na mizigo yao. Delfina alishuka wa mwisho, akiushika mkono wa Loredana, na alipoinua macho akamwona mzee mmoja ameketi kwenye benchi chini ya paa, amevikwa blanketi la kijivu lenye chapa ya stesheni, mikongojo miwili imeegemezwa ukutani kando yake. Pua yake ilikuwa nyekundu. Alikuwa akizihesabu nyuso za watu mmoja mmoja walipokuwa wakipita, bila haraka, na ilipofika zamu ya uso wa Delfina hakuonyesha mshangao. Alitikisa kichwa tu, kama mtu ambaye hesabu yake imekamilika.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe umeganda," alijibu Delfina. Sauti ilimtoka ikiwa ya ukali. "Nani amekuruhusu kushuka na hiyo nyonga? Nimepiga simu mpaka nikadhani umekufa. Umekuja hapa saa ngapi?"

"Nilishuka na la saa mbili."

"Saa mbili? Nilikwambia saa tatu."

"Ungeweza kuwahi."

"Muda wa saa tatu na nusu umekaa kwenye baridi, Ezio. Mtu mwenye akili zake?"

"Nimezoea kukungoja hapa," alisema Ezio, na akanyoosha mkono kuichukua mikongojo yake.

Delfina alimpa mmoja, akabaki na wa pili. "Uliningoja hapa lini?"

Mhudumu wa stesheni, binti mnene mwenye funguo kiunoni, aliwaambia vijana wasogee, mzee apite mbele, wakasogea. Waliingia ndani ya gari la waya, na Ezio akachagua pembe ya upande wa bonde, akaegemea kioo. Watu wengine wakajaa upande wa pili na mbao zao. Gari likatikisika, likaiacha sakafu, likaanza kupanda. Safari ile ni ya dakika sita. Delfina aliijua kama pigo la moyo wake.

"Siku ya baba," alisema Ezio. Alikuwa akitazama nje, ambako hapakuwa na kitu ila weupe. "Nilishuka saa mbili. Ulisema saa tatu, basi la watelezaji. Likaja, hukumo. Nikamwuliza dereva, akasema hakubeba mwanamke yeyote. Nikasema labda litakuja jingine. Padri aliniambia anaweza kungoja mpaka saa nne na robo, baada ya hapo ana mazishi mengine bondeni. Nikaliacha gari la saa nne kasoro dakika ishirini lipande. Nikaliacha la saa nne."

Nguzo ya kwanza ilipita, gari likayumba na vijana wakaguna kwa pamoja, kisha wakacheka.

"Nikapanda la saa nne na dakika ishirini," alisema Ezio. "Nilipofika juu walikuwa wanasawazisha udongo kwa sepetu."

Delfina alimtazama. Aliyatazama masikio yake makubwa, ya baba yao, na ndevu zilizonyolewa vibaya kwenye taya.

"Hukuwepo," alisema polepole.

"Sikuwepo."

"Nilipokukuta pale—"

"Nilikuwa nimefika dakika chache tu. Miguu ilikuwa bado ina theluji ya njiani." Akapangusa kioo kwa kiganja, ingawa ukungu ulikuwa upande wa nje. "Ukaja ukitweta, na lile koti la mjini. Nikatafuta mtu wa kumtupia, ukawa wewe. Halafu ukashuka na gari lile lile lililokuleta, na mimi nikasema, atarudi, nitamwambia. Krismasi nikasema, nitamwambia kwa simu. Neno likikaa sana mdomoni linageuka jiwe, Fina. Huwezi kulimeza, na ukilitema unaogopa litamvunja mtu meno."

Zamu moja tu ya gari ilikuwa kati yao siku ile: Ezio la saa nne na dakika ishirini, Delfina lililofuata. Wakati Delfina akiruka kutoka lori la maziwa pale Brusa, huenda bado angeliona, kama angeinua uso, gari dogo jekundu likiingia mawinguni na kaka yake ndani yake, aliyemngoja mpaka mlango ulipofungwa. Miaka arobaini na mitano alikuwa amembeba moyoni mtu aliyesimama kando ya kaburi kama hakimu. Mtu huyo hakuwahi kuwapo. Palikuwa na kijana wa miaka thelathini na mitano, theluji mabegani, aliyemkosa baba yake kwa sababu hakutaka dada yake apande peke yake.

Alitaka kusema kwamba laiti asingalibadili njia, kwamba laiti angalipiga simu, kwamba dakika arobaini ni nini. Lakini maneno yale alikuwa ameyasema kimya kimya mara elfu, yakawa hayana tena ladha. Alichofanya ni kuivuta kola ya koti la Ezio, iliyokuwa imejikunja upande mmoja chini ya blanketi, akainyoosha. Ezio alimwacha ainyooshe. Mawingu yalipasuka ghafla, jua likawaingia usoni wote, na Chamorel ikawa mbele yao, mapaa yake yamevimba kwa theluji kama mikate iliyosahauliwa ndani ya tanuri.

Walipotoka, walikwenda makaburini kwanza. Iliwachukua muda, kwa kuwa Ezio alipumzika kila hatua kumi na hakutaka kushikwa. Lango lilikuwa limezibwa na theluji mpaka kiunoni, hawakuweza kulifungua. Walisimama nje ya ukuta, pamoja, wakautazama msalaba wa chuma uliotokeza ncha tu, na kwa kitambo hakuna aliyeangalia saa.

Nyumbani moto ulikuwa umebaki makaa. Delfina aliuchochea, akasonga ugali wa njano kwenye sufuria ya shaba ya mama yao, Ezio akakata jibini kwa kisu kilichokwisha kuwa chembamba kwa kunolewa. Vitu vingi vilikuwa vimefungwa katika maboksi. Ukutani palikuwa na mraba mweupe mahali palipokuwa na picha. Walikula kando ya moto. Nje, watelezaji walikuwa wakipita nyuma ya nyumba wakiitana, sauti zao zikija na kukatika.

"Jumatatu," alisema Ezio baadaye, alipokwisha kuikwangua sahani. "Wale wa makao wataleta gari mpaka Brusa. Saa nne."

"Nitakaa mpaka Jumatatu."

"Najua." Aliusogeza mkongojo wake kando, akaunyoosha mguu mbaya kuelekea motoni. "Sasa niambie, wewe mtu wa dirishani. Mimi na wewe, tushuke vipi?"

Delfina alimtazama kuona kama ni utani. Haukuwa utani, wala haukukosa utani kabisa. Alijifuta mikono.

"Kuna njia mbili," alisema. "Kuna gari la waya, dakika sita. Na kuna ile ya zamani ya nyumbu, ya kuzunguka kwa vikanisa. Hiyo huiwezi. Hata mimi siiwezi."

"Anza na hiyo," alisema Ezio, akifumba macho. "Anza na ile ndefu."

Delfina alivuta kiti mpaka dirishani. Aliitafuta njia chini ya theluji yote ile.

"Tunatokea hapa mlangoni," alisema, "tunapita kisimani kwa mkono wa kulia."